Tano na Mbili

Katika baraza yetu ya Kibokoni, Mombasa, kulikuwa na kanuni moja ambayo sijaiona katika baraza nyingine yoyote: ukiweka kete ya dhumna, uitaje. Si kuibamiza tu ubaoni na kujigamba, la. Useme kwa sauti ni kete gani na umeiweka ncha ipi. "Sita na moja, kwa sita." Hapo mwenzako anajua kwamba ile ncha iliyokuwa sita sasa imekuwa moja. Wapita njia wakitusikia walidhani tumerudi chuoni kusoma hesabu. Kanuni hiyo tuliiweka kwa ajili ya mtu mmoja asiyeona. Mimi ndimi niliyeipendekeza, na mimi ndimi niliyeivunja. Nalisema hilo mapema ili msomaji asije akanipenda halafu akajuta.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla simu za mkononi hazijatuingia mifukoni. Nilikuwa karani katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, kule Kilindini. Saa kumi nikitoka kazini, nikishasali alasiri, nilikwenda moja kwa moja barazani kwa fundi cherehani, jirani yangu, ambaye nyumba yake ilikuwa na baraza pana ya mawe kuliko zote katika kichochoro chetu. Hapo tulicheza dhumna mpaka magharibi. Wawili kwa wawili, kila mtu na kete zake saba, na makelele ya kuwatosha watu ishirini. Mimi nilikuwa bingwa. Hakuna aliyenipa cheo hicho, lakini nilikuwa nacho, na nilikuwa nikikilinda.

Yule asiyeona alikaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Tulikuwa hirimu moja. Surua ilimchukua macho akiwa mtoto mdogo, na wazazi wake, Mungu awarehemu, badala ya kumficha chumbani kama wengi walivyofanya siku hizo, walimpeleka bara kwenye skuli ya wasioona. Huko alijifunza kusoma nukta kwa vidole, akajifunza kupiga taipu, kisha akasomea kazi ya kupokea simu za ofisi, yaani uopereta, akapata cheti. Alirudi Mombasa na cheti chake ndani ya mfuko wa plastiki ili kisiloe. Alizunguka nacho ofisi baada ya ofisi. Kila alipoingia alipewa kiti, akapewa soda, akaambiwa ataitwa. Soda alikunywa nyingi. Kuitwa, hakuitwa.

Basi watu wa mtaa wakamwonea huruma, na huruma yao ikawa kumletea viti vilivyotoboka. Ilikuwa inajulikana, sijui nani aliamua, kwamba kipofu kazi yake ni kuwamba viti vya henzirani, zile tepe nyembamba za kusuka makalio ya viti. Hakuwahi kuisomea kazi hiyo. Alijifundisha mwenyewe kwa kufumua kiti cha mamake na kukisuka upya, na kwa kuwa alikuwa mtu asiyejua kufanya kitu vibaya, vilitoka vizuri, na kwa kuwa vilitoka vizuri, vikaletwa vingine. Siku moja aliniambia, bila hasira yoyote, "Ningekuwa na mato mungeniuliza nimesomea nini. Kwa kuwa sina, mwaniletea viti."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Aliingia barazani kwetu hivi. Jioni moja napita mbele ya dirisha lake, akaniuliza, "Yeo fundi amekushinda mara tatu, una nini?" Nikashangaa amejuaje. Akasema alikuwa akitusikia kila siku kutoka dirishani, na kwa mlio wa kete na kelele zetu alikuwa ameshajua nani mwoga, nani ana pupa, na nani hukohoa akitaka kumpa mwenzake ishara. Mwenye kukohoa nilikuwa mimi. Kesho yake nikamshika mkono nikampeleka.

Fundi hakupenda. Alinivuta kando akaninong'oneza kwamba mtu huyo atatuvurugia kete kwa kupapasa. Lakini yule bwana masikio yake hayakuwa ya kunong'onezwa karibu. Akasema pale alipokaa, "Sitapapasa. Nitajieni tu, nami ntaweka kitwani." Mimi nikapendekeza iwe kanuni ya baraza, kila mtu ataje. Kete zake mwenyewe alizisoma kwa kidole gumba, maana zile nukta zimechimbwa, na kwa aliyezoea kusoma kwa vidole ule ni usomaji wa kitoto. Zilizokwisha kuwekwa ubaoni hakuzigusa kamwe. Siku moja mgeni alimwambia, bwana, papasa uhakikishe. Akamjibu, "Nikipapasa ntakuwa nimemwambia mwenzangu ni mrongo."

Haukupita mwezi, akawa anatupiga sote. Si muujiza. Sisi wenye macho tulikuwa wavivu: kete iko pale, ya nini kuikumbuka? Yeye alizishika zote ishirini na nane kichwani, nani kaweka nini, nani kapita kwa kukosa nini, na ikibaki kete mbili mbili mkononi alikuwa anakuambia ulizo nazo. Watu wa baraza nyingine wakaanza kuja kutazama. Nami nikawa naringa kama aliyemzaa. Pale ofisini nilimwita "kipofu wangu". Naandika maneno hayo mawili na uso wangu unapata moto, na hakuna mtu chumbani humu isipokuwa mimi.

Ikatokea kwamba opereta wetu wa simu, mwanamke wa makamo, akamfuata mumewe Malindi. Tajiri wetu alikuwa Muislamu wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa, na babake ndiye aliyeianzisha ofisi ile. Alikuwa na ghadhabu za haraka zisizokaa. Mawakala wa meli walikuwa wakipiga simu kuanzia asubuhi, laini zikigongana, naye akapiga kelele: nani atakayenipatia mtu mwenye kichwa? Nikasema ninaye. Nikamweleza yote, cheti, taipu, kete ishirini na nane. Akanitazama juu ya miwani yake.

"Kipofu?"

"Bwana, simu haipokewi kwa macho."

Jawabu lile lilimfurahisha. Akasema atakuja barazani Ijumaa amwone mwenyewe, kama kweli ana kichwa hicho ninachokisifia. Nilimpelekea mwenzangu habari siku ile ile. Aliacha kusuka, utepe wa henzirani ungali mkononi. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hata akikataliwa, atakuwa amekataliwa baada ya kujaribiwa, na hilo halijawahi kumtokea. Akaniombea dua. Mimi, aliniombea dua.

Ijumaa tajiri akaja kutoka kwake Kizingo, gari akaliacha Ndia Kuu, akaingia kichochoroni kwa miguu huku amekunja suruali kwa kuogopa maji ya mitaro. Fundi alimtolea kiti, akampa kahawa. Mwenzangu alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka imesimama, na cheti kimo mfukoni. Alisalimiwa, akaitikia kwa adabu, tukaanza. Yeye na fundi upande mmoja. Mimi na jamaa mmoja muuza nguo wa Biashara Street upande wa pili. Yeye alikaa mkono wangu wa kulia, na kwa utaratibu wetu wa kuzunguka, zamu yake ilifuata yangu. Mimi ndimi niliyekuwa macho yake.

Walitushinda mchezo wa kwanza. Wakatushinda wa pili, na katika huo alinitajia kete yangu ya mwisho kabla sijaiweka. Tajiri akapiga paja. Wakatushinda wa tatu. Fundi, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake, akasema, "Yeo karani ndiye asiyeona!" Baraza nzima ikaangua kicheko, na tajiri wangu akacheka kuliko wote, mpaka kahawa ikamwagika kidogo kwenye shati lake jeupe.

Kicheko kile kilinichoma. Nimejaribu miaka mingi kujitafutia sababu nyingine iliyo bora, sijaipata. Nilimpenda yule mtu alipokuwa chini ya mkono wangu, nikimwongoza, nikimsifia, nikimtafutia. Kumwona ananikalia juu mbele ya mwenye kunilipa, nilishindwa kulibeba. Kumbe wema wangu ulikuwa na kimo chake, na yeye alikuwa amekipita.

Mchezo wa nne. Ncha moja ilikuwa tano, nyingine sita. Zamu yangu. Nikaweka kete ya tano na tatu kwenye ile tano. Kwa haki nilitakiwa kusema: tano na tatu, kwa tano. Nikasema, "Tano na mbili, kwa tano."

Nilisema taratibu tu, kwa sauti ya kila siku. Wengine hawakusikia kosa, kwa sababu walikuwa wameshaacha zamani kusikiliza. Waliitazama kete kwa macho yao, wakaiona tatu, basi. Aliyekuwa akisikiliza ni mmoja.

Alitulia. Kidole gumba kilipita juu ya kete zake mara moja, polepole, kikarudi. Akachomoa kete ya mbili na nne, akainyoosha mbele. "Mbili na nne, kwa mbili."

"Mbili iko wapi?" fundi akapiga ukelele. "Hapa pana tatu na sita! Umetuunguza, bwana!"

Kwa kanuni yetu, mwenye kuweka kete isiyokubali ameunguza mchezo na upande wake umeshindwa. Watu wakacheka, si kwa ubaya, kama wanavyocheka bingwa akiteleza. Nikangoja aseme, "Karani amenambia mbili." Nilikuwa tayari nina maneno ya kumjibu, kwamba hakunisikia vizuri, kwamba kulikuwa na makelele. Hakusema hivyo. Alisema, "Nimekosea. Niwieni radhi."

Kisha akazilaza kete zake zilizobaki, moja moja, uso juu, ili zichanganywe. Ya mwisho aliitenga kidogo na zile nyingine, akaiweka mbele yangu. Nikaitazama. Ilikuwa tano na mbili.

Anayejua dhumna ameshafahamu. Kila kete ni moja tu katika seti. Tano na mbili niliyoitaja mimi ilikuwa mkononi mwake tangu mwanzo. Alijua nimedanganya kabla sijamaliza kusema. Angeweza kuinyanyua tu, aseme, hii hapa, na kila mtu angeelewa, na tajiri wangu angeelewa. Alichagua kuniwekea mbele yangu peke yangu. Nikaizoa haraka, nikaichanganya na nyingine, nikachanganya kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Tajiri aliondoka kabla ya magharibi, akiwa amechangamka. Nilimsindikiza mpaka garini. Njia nzima nilikuwa na nafasi ya kusema. Kutoka Kibokoni mpaka Ndia Kuu si mbali, lakini kwa neno moja panatosha. Akaniambia, "Ana kichwa, wallahi. Lakini umeona? Hukosea." Nikasema, "Kila mtu hukosea, Bwana." Nilidhani ninamtetea. Jioni ile nilikula vizuri na kujiona nimejitahidi.

Jumatatu aliniita. Akasema amelifikiria sana. Kete saba tu zimemchanganya, je, laini za simu na wateja wa Dubai? Akaniuliza, "Wewe ndiwe uliyemleta. Wasemaje?" Na hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema kweli. Hakukuwa na baraza, hakukuwa na kicheko, tulikuwa wawili na mlango umefungwa. Nikaona kwamba nikisema kweli, nitakuwa nimemwambia tajiri wangu kwamba karani wake anayeandika hati zake za forodha ni mtu wa kutaja kisichokuwako. Nina mke na watoto wawili, nikajiambia. Nikasema, "Ofisi ni yako, Bwana."

Akachukuliwa kijana mmoja, mwana wa mteja, mwenye macho mazuri sana. Kijana huyo alikuwa akikosea kila siku ya Mungu. Alimpa wakala wa meli laini ya nyumbani kwa tajiri. Alimkatia simu ofisa wa forodha. Aliandika ujumbe kwamba meli imetia nanga, kumbe imechelewa, na malori yetu yakalala foleni bure. Tajiri alikuwa akigomba, kisha anasema, atazoea. Hakuna aliyesema kwamba wenye macho hawaiwezi kazi ile.

Barazani mwenzangu aliendelea kuja. Alinisalimia kama kawaida, nikamtajia kete zangu, zote za kweli, kwa uaminifu wa mwizi aliyekwisha kuiba. Hakuniuliza kitu. Nikaanza kuchelewa kutoka kazini kwa makusudi. Nikajisingizia mgongo. Nilimchukia kwa kutonisema, na kumchukia mtu uliyemdhulumu ni kazi ya kuchosha.

Miezi saba ilipita hivyo. Ndipo tajiri, ambaye roho yake haikuwa mbaya, akamkumbuka. Akaniambia viti vya ofisi vimebonyea, vipelekwe kwa yule rafiki yangu, tumsaidie. Nikavipeleka mwenyewe kwa mkokoteni. Aliwakuta wageni wake mlangoni, mimi na viti sita, na akavipapasa kimoja kimoja kutafuta matundu. Akauliza, "Kwenye simu yenu siku hizi yupo nani?"

Nikamwambia.

"Yuwakosea?"

"Kila siku."

Akatikisa kichwa. Mikono ilikuwa bado juu ya kiti. Na mimi, sijui kwa nini siku ile na si nyingine, labda ni vile viti, nikaketi chini sakafuni nikamwambia. Nikasema kete ilikuwa tano na tatu.

"Najua," akasema. "Tano na mbili nali nayo mimi."

"Kwa nini hukusema?"

"Tajiri wako alikuwa amekaa pale. Ningaionyesha, ungalivundikiwa na heshima mbele yake. Nikasema, huyu ni mtu mzima, ndiye aloniita, atakwenda kusema mwenyewe. Jumamosi nikangoja. Jumatatu nikangoja." Akakivuta kiti cha pili. "Hata sasa si vibaya. Mwambie."

Kesho yake asubuhi niliingia kwa tajiri kabla ya chai. Usiku kucha nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Droo yangu nilikuwa nimeshaipanga. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, macho yangu yako kwenye zulia. Nilipomaliza nikasikia sauti ambayo sikuitarajia. Alikuwa akicheka.

"Yaani ulimwibia kipofu? Kwa dhumna?" Alivua miwani akafuta macho. "Dhumna ina mambo, bwana!" Kisha akaivaa tena, akavuta makaratasi yake. "Ungenambia siku ile ningemchukua kesho yake. Mtu kama yule! Sasa huyu mwana wa watu nitampeleka wapi?" Akaniuliza kama hati za ile meli ya Karachi ziko tayari. Nikasema ziko tayari. Kazi yangu, ambayo kwa kuiogopea nilificha kweli miezi saba, haikutikisika hata kidogo.

Jioni nikaenda kwake. Nilimkuta amesimama mlangoni, na kanzu yake imepigwa pasi. Nilipoiona kanzu ile nilitamani kurudi nilikotoka, lakini alikuwa ameshazisikia hatua zangu.

"Amesemaje?"

Nilikuwa nimekuja kumwambia kweli. Lakini kweli ilikuwa kwamba mtu alicheka, akasema angemchukua, kisha akaulizia hati za meli.

"Nafasi imejaa," nikasema. "Lakini amesikitika sana."

"Amesikitika."

"Sana."

Aligeuza uso upande ule inakotokea sauti yangu. "Na wewe?"

Nilimwambia nimechelewa, magharibi imeshafika, tutaongea siku nyingine. Nikaenda mbio mbio mpaka msikitini. Nilikuta mlango ndio kwanza unafunguliwa na mkeka haujatandikwa. Adhana ilikuwa bado karibu robo saa, na yeye, ambaye saa zake zote za mchana na usiku alizipata kwa adhana, alijua kwamba ni bado.